Viatu vya Mzee Jilala

Masumbwe,
Jumanne, 12 Novemba 2024.

Kwa Dada Asteria,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua cha Noela kimeshatulia baada ya dawa. Nasikia huko Ushetu mmeanza kupanda tumbaku na shemeji ameanza kulalamikia mgongo, kama kawaida yake kila mwaka. Mpe pole, ila usimpe nyingi sana.

Sisi hapa hatujambo. Wifi yako Suzana hajambo, watoto wanakwenda shule, mvua imenyesha mara mbili na imetuachia tope la kutosha barabara nzima ya sokoni. Mama anaendelea vizuri. Kidonda cha operesheni kimefunga, na juzi aliomba aongezewe ugali, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu atoke hospitali. Anakusalimu sana, anasema mhola duhu, salama tu.

Nimeanza na salamu kwa sababu mkono wangu haujui kuanza barua namna nyingine. Lakini kabla hujaendelea kusoma, kuna jambo moja. Ile picha uliyonitumia Ijumaa, Mzee Jilala amekaa kwenye benchi la zahanati yenu, amevaa viatu nilivyomtengenezea, anacheka mpaka pengo linaonekana. Nilikupigia nikakwambia avue, gundi haijashika vizuri. Ukacheka, ukaniuliza ni gundi gani hiyo ya miezi miwili, ukasema mzee mwenyewe ameapa viatu hivyo atavuliwa siku ya kuzikwa. Dada, suala si gundi. Kama bado amevivaa, nenda kwake sasa hivi ukamvue, kisha urudi usome yaliyobaki. Na wale akina mama wawili, Agnetha na Eunice, kama hawajaja kuchukua vyao, vifungie kabatini na ufunguo ukae nao wewe.

Utauliza kwa nini sikusema kwenye simu. Nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza nikasema gundi. Mara ya pili nikakuuliza habari za mahindi. Mara ya tatu nilijifungia ndani ya banda ili nisisikiwe na mtu, na bado nikaishia kukusimulia mbuzi wa jirani aliyekula daftari la mwanangu, ukacheka, ukakata simu. Kwa hiyo naandika. Ngusa, yule dereva wa lori aliyekuletea boksi la viatu, anapita Kahama kuja huko kwenu leo, ameniambia anaondoka saa saba. Atakukabidhi mkononi kabla jua halijazama.

Naandika nikiwa nimetulia, na naomba utulivu huo usikuudhi. Tangu siku ya operesheni niko hivi. Nakula, nalala, nafanya kazi, na hakuna kitu kinachonifikia ndani. Suzana alidhani ni malaria, akanipeleka kupima, hawakuona kitu. Nimeshatengeneza vifuko kumi na vinne vya mizani kwa wanunuzi wa dhahabu, na kila kimoja kimekaa sawasawa. Mmoja wao, Charles, ameniambia kazi yangu sasa hivi ni nzuri kuliko mwaka jana. Nikamshukuru.

Sasa nirudi nyuma ili uelewe jambo lilivyokwenda, maana wewe ulipoolewa baba alikuwa bado hai na anatumia kalibu zake za mti, na hujawahi kuiona kazi hii ninavyoifanya siku hizi.

Ngozi ya ng'ombe iliyoivishwa kwa magome, ukiilowesha kwenye maji ya vuguvugu, inalegea kama unga wa chapati. Unaivuta juu ya kalibu, yaani umbo la kitu unachotaka, unaibana pembeni kwa vibanio na kamba, unaiacha. Ikikauka inabaki na umbo lile lile la kalibu, na ukiigonga kwa kidole inalia kama debe. Baba alikuwa na kalibu tatu za viatu alizozichonga mwenyewe kwa mti wa mninga, moja ya mtoto, moja ya mwanamke na moja ya mwanamume, na watu wote wa Masumbwe waligawanywa humo. Mtu akija kuchukua viatu vyake, baba alikuwa anamwuliza neno moja tu, panabana wapi. Mtu anagusa. Baba anapalowesha pale pale, anapagonga kwa mpini wa nyundo, mtu anaondoka anapiga mluzi. Mimi nimejifunza hivyo, na kwa miaka kumi na mitano nimeuliza swali hilo hilo.

Halafu akaja Kalisti. Unamkumbuka, fundi simu mwenye banda linalopakana na langu, yule mrefu asiyenyamaza. Ameunga mezani kwake printa ya kuchapa vitu vya plastiki, kwa vipande alivyoagiza kimoja kimoja. Inavuta uzi wa plastiki, inauyeyusha, inaupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Tulianza na mihuri ya kugandamizia nakshi kwenye mikanda. Kila mchimbaji akataka jina lake, na mmoja akataka jina la mwanamke fulani, wiki mbili baadaye akarudi nimfutie. Ikafuata kalibu ya mizani midogo ya dhahabu, kisha ya tochi za kushukia duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, kisha ala za visu. Ngozi ikikaa juu ya kalibu ya namna hiyo, kitu kinaingia kwenye kifuko chake kinabana vizuri, hukuti pengo. Niliipenda kazi ile, dada. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa leo nikikumbuka naona kama niliipenda kwa niaba ya mtu mwingine.

Wewe ndiye uliyeanzisha habari ya viatu, na hiyo haikufanyi mwenye kosa. Ilikuwa baada ya Mama kuegemeza mguu kwenye jiko la mkaa, na Suzana ndiye aliyesikia harufu, Mama mwenyewe anaendelea kuchambua mchele na kusimulia. Ukaja ukatueleza kwamba sukari imeshaua hisia za miguu yake, na kwamba kwenye kliniki yenu ya sukari, unakohudumia wewe, kuna watu wa aina hiyo wanaotembea na katambuga za tairi na kurudi na vidonda wasivyovijua. Ukasema wanahitaji viatu vipana visivyo na mshono kwa ndani, na soli ya ndani iliyofinyangwa ili iupokee mguu wote kama kiganja. Nikakwambia hiyo naiweza. Sikuwa najisifu. Niliona jinsi ya kuifanya hapo hapo ulipokuwa unazungumza.

Kalisti akampiga Mama picha za miguu kwa simu, anamzunguka kila upande amechuchumaa, kompyuta yake ikaziunganisha. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, akasema hata siku anaolewa hakupigwa picha nyingi namna ile, na kumbe bibi harusi alikuwa ni miguu. Shemeji akapiga za Mzee Jilala na za wale akina mama wawili huko kwenu, tukazirudisha mara mbili kwa sababu alikuwa anapiga na kivuli chake. Kalibu moja ya mguu ilikuwa inachukua saa kumi na moja kuchapwa, na umeme ukikatika katikati inaanza upya, na Kalisti anatukana vitu ambavyo siwezi kukuandikia. Tulichapa nane, jozi nne.

Alinipa sharti moja. Plastiki ile haitaki joto. Alisema ukiisahau ndani ya gari lililofungwa mchana, unaikuta imelala. Kwa hiyo ngozi ikiwa juu ya kalibu zile ikaushwe kivulini, siku tatu, nne kama kuna mawingu. Alinieleza mara mbili, kisha akaona sijamtazama, akachukua kalamu ya wino mzito akaandika KIVULINI kwenye boksi la kalibu.

Mama alichukua vyake wiki ya kwanza ya Septemba. Alivaa mbele yangu na Suzana, akasimama, akatembea kutoka mlangoni hadi kisimani na kurudi. Nikamwuliza panabana wapi. Akasema hapabani popote, anajisikia kama hajavaa kitu. Jumapili akavivaa kanisani, akachelewa makusudi ili watu wamwone akipita. Nilipoona hivyo nikazifunga jozi zenu tatu kwenye boksi nikampa Ngusa. Wewe ukaziweka zikisubiri siku ya kliniki, na tulipoanza kuhangaika na hospitali zikasahaulika huko.

Mwisho wa Septemba ilikuwa harusi ya Justa, mtoto wa mama mdogo, kule Lulembela. Mama alivaa viatu vile tangu asubuhi hadi turubai zinafungwa, na alicheza ngoma zote, za kwaya na zisizo za kwaya. Kesho yake Suzana anafua soksi akaona doa la majimaji, rangi ya chai. Tukamkalisha Mama mlangoni penye mwanga. Kidonda kilikuwa mguu wa kushoto, ubavuni, chini ya kidole kidogo, mapana kama kizibo cha soda, na ndani yake palikuwa peupe. Yeye akawa anatuuliza mnatazama nini.

Mengine unayajua. Tulimsafisha hapa siku kadhaa, mguu ukavimba, tukampeleka hospitali Kahama, wakakuta umeingia kwenye mfupa na sukari imepanda, na tarehe 17 Oktoba wakaukata chini ya goti. Wewe ukafika kesho yake asubuhi na basi la kwanza, na mkoba wako hata hukuutua.

Nataka nikukumbushe asubuhi ile. Daktari alikuwa amemwuliza Mama kidonda kilianzaje, na Mama akamjibu kwamba alishuka jarubani, kwenye mashamba ya mpunga, kuokota kuni, akavua viatu asivichafue, akakanyaga mwiba wa mgunga. Akakwambia na wewe maneno hayo hayo. Ukamgombeza. Sijawahi kukusikia ukimgombeza Mama tangu tuzaliwe. Ulimwambia watu wamehangaika, wamekesha na mashine, wamepiga picha mpaka miguu ya watu baki, ili yeye apate viatu, halafu yeye anavivua kwa sababu ya vumbi, na kwani viatu ni vya kuabudiwa. Ulikuwa unalia na unamgombeza, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wamegeukia ukutani kwa heshima. Mama alikuwa anasema nisamehe mayu, nisamehe mama, sitarudia. Mtu aliyekatwa mguu anakuahidi hatarudia.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na chupa ya chai na kikombe. Ulipomaliza nikakumiminia. Ukapokea, ukanishika bega, ukaniambia nisijilaumu, kwamba mimi sehemu yangu nimeifanya.

Dada, mwiba haukuwepo. Mama hajashuka jarubani tangu mwaka juzi, waulize majirani wote watakwambia. Kilichomtoboa ni kiatu changu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 26 Agosti. Ngozi zote zilikuwa zimeshavutwa juu ya kalibu, nane, zimebanwa, bado mbichi. Kalisti alikuwa amekwenda Mwanza msibani. Nilikuwa nataka viatu viwe tayari vyote kwa pamoja, maana nilishawaambia watu sokoni kwamba nafanya kazi ya zahanati, na nilikuwa natamani waone zimepangwa mezani jozi nne mara moja. Hiyo ndiyo haraka niliyokuwa nayo, hapakuwa na nyingine. Baba alikuwa anaanika juu ya bati la banda, jua la Agosti linakausha ngozi kwa siku moja, na kalibu za mninga hazijali. Nikachukua ngazi. Usidhani nilisahau. Boksi lilikuwa mezani na maandishi ya Kalisti niliyaona, nikajiambia ni hadi saa sita tu.

Saa sita akaja Charles na habari za kifuko chake cha mizani, anataka jina lake ligandamizwe kwa herufi kubwa na chini yake picha ya fahali, akakaa, akaanza kunieleza bei za karasha za kusagia mawe na ugomvi wao na mwenye duara. Nilipanda juu saa tisa. Kalibu zilikuwa za moto, huwezi kuzishika bila kitambaa. Plastiki ilikuwa imelegea, na ngozi kila inapokauka inajikaza, ikawa imeivuta ikaifuata. Nilizishusha zikapoa, zikawa ngumu tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa macho huoni. Nikapitisha kidole gumba ndani ya soli, moja baada ya nyingine, kama ninavyofanya siku zote.

Cha kushoto cha Mama kilikuwa na kinundu ubavuni, kama punje ya karanga, pale soli inapopanda kukipokea kidole kidogo. Cha kushoto cha Mzee Jilala kilikuwa nacho hivyo hivyo, mahali pale pale, maana kalibu zao zililala jirani upande uliopigwa zaidi na jua. Cha kulia cha Agnetha kimejikunja kidogo kisiginoni. Vya Eunice sikuona kitu, lakini usiniamini.

Nilivilowesha nikavigonga kwa mpini wa nyundo. Vikashuka kidogo, kisha vilipokauka vikarudi. Ningeweza kuzitupa ngozi zile na kumsubiri Kalisti achape upya, wiki mbili tu. Nilichofikiri ni hiki, nakuandikia kama kilivyokuwa. Nilifikiri, kama panabana watasema.

Nimelirudia wazo hilo mara nyingi sana kutafuta mahali ambapo sikuwa najua, na sipaoni. Nilijua miguu yao haisikii. Ndiyo sababu ya viatu vyenyewe, ndiyo sababu ulikuja ukakaa kwenye kigoda changu ukanieleza. Nilijua, na bado nikamwuliza Mama panabana wapi, akaniambia hapabani, na mimi nikafurahi kama fundi aliyepewa jibu. Miaka kumi na mitano mteja ndiye aliyeniambia kazi yangu imekosewa wapi. Safari hii nilimwachia mteja asiyeweza kusema.

Siku ile ya soksi, Suzana alipokwenda jikoni kuchemsha maji ya chumvi, niliingiza mkono kwenye kiatu. Kinundu kilikuwepo, na ngozi juu yake imeshakuwa nyeusi. Mama alikuwa ananitazama mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini, mimi nimechomwa na mwiba, umesikia wewe. Nikasema nimesikia. Suzana akarudi na beseni, na tangu hapo mimi na Mama hatujaligusa neno hilo. Kwa hiyo ulipomgombeza hospitalini, alikuwa anagombezwa kwa ajili yangu, na mimi nikakumiminia chai.

Utasema ningeweza kukupigia siku hiyo hiyo kuhusu zile jozi tatu. Ningeweza. Baada ya operesheni nilikuuliza tu kama boksi bado liko kwako, nikajiridhisha kwamba zimefungiwa na hakuna atakayezivaa, na kwamba nitakuja kuzichukua kimyakimya siku moja. Kisha ikaja picha ya mzee. Niliitazama picha ile nikiwa nakata mkanda, nikaweka simu chini, nikamaliza kuukata mkanda. Ulikatika vizuri, pande zote sawa. Hicho ndicho kitu kinachonitisha kidogo, dada, kama kuna kinachonitisha.

Mama sasa anaumwa na mguu ule ambao haupo. Alikaa nao miaka minne hausikii moto wala maji, na sasa umeshazikwa Kahama na unamuuma vidole. Anaposema anaona aibu, anadhani tutamwona amechanganyikiwa. Daktari alisema hutokea. Mimi nakaa naye, namkanda goti, namsikiliza, kisha natoka nje nasimama uani. Nasubiri nilie na silii. Namhurumia kwa akili tu, kama mtu anayesoma habari za watu wa mkoa mwingine.

Asubuhi hii nilimwambia kwamba nakuandikia. Akasema, habari ya jaruba iache kama ilivyo, kwa sababu Asteria atakuchukia na mimi ninao ninyi wawili tu. Nikamwambia kuna Mzee Jilala. Hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia kwamba vile viatu vingine vimeshavaliwa. Akaomba aione picha. Aliishika simu karibu na uso kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni mguu upi. Nikamwambia ni wa kushoto. Akanirudishia simu, akasema andika, andika upesi, na umwambie Asteria kwamba aliyemdanganya hospitalini ni mimi, wewe ulikuwa umeshika chai tu.

Nimeandika kama alivyosema, lakini wewe unajua kupima.

Sasa nikueleze la kufanya. Mzee Jilala atakukaribisha vizuri, atakwambia viatu havijambo, haviumi hata kidogo, na atakuwa anasema kweli. Usimwulize kitu. Piga magoti, umvue cha kushoto, umvue na soksi, uangalie mwenyewe kwa tochi, ubavuni chini ya kidole kidogo, na kati ya vidole, na kisigino. Bonyeza kwa kidole chako. Ukiona wekundu usioondoka, au ngozi imekuwa ngumu na chini yake pana majimaji, usisubiri siku ya kliniki, mpeleke kwa daktari kesho asubuhi. Kisha ingiza mkono wako ndani ya kiatu, usikie nilichokisikia mimi. Vyote sita mrudishie Ngusa, anarudi Alhamisi. Nitavikata mwenyewe mbele ya Kalisti. Yeye naye bado hajui, nitamwambia leo hii barua ikishaondoka.

Jumamosi nitakuja. Nitamwambia mzee mwenyewe, kwa mdomo wangu, na Agnetha na Eunice pia kama watakubali kunisikiliza. Ukitaka kunipigia kabla ya hapo unitukane, nitapokea. Ukitaka usiniongeleshe, nitafikia kwa yule Mwalimu tuliyesoma naye, nitamaliza kilichonileta, nitarudi.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Noela mwambie mjomba anamletea mkanda wenye jina lake, niliuahidi zamani. Suzana anakusalimu, yeye nimemsomea barua hii yote, akainuka, sasa yuko nje anafua. Ngusa ameshapiga honi mara mbili.

Nilipokuwa nafunga bahasha Mama ameniita, ameniagiza niongeze neno moja. Amesema ukimkuta yule mzee ana kidonda, tafadhali, usimgombeze.

Ni mimi mdogo wako,
Wiliam Bujiku.